Siku ya Kliniki Ilipogongana na Kafyu: Meru na Embu tangu 2020

Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, kliniki na wodi za Meru na Embu zilikuwa na wagonjwa wake tayari. Walikuwa watu wa presha na kisukari, wa figo na saratani, wa kifua kikuu na Ukimwi, na akina mama waliokuwa wakihesabu wiki kuelekea kujifungua. Kila alasiri Waziri wa Afya Mutahi Kagwe, au mmoja wa wasaidizi wake, alisimama mbele ya kamera akasoma idadi ya walioambukizwa, waliopona na waliofariki. Wagonjwa hawa hawakuwa kwenye hesabu hiyo. Vifo vya korona vilivyoandikishwa rasmi nchini vilifika zaidi ya 5,600. Mgonjwa wa kisukari aliyefia nyumbani kwa kukosa insulini, au mama aliyevuja damu usiku akisubiri gari, hakuwekewa safu yake.

Ninaandika juu ya hao. Mtu aliyekuwa mgonjwa kabla ya janga aliishi vipi janga lilipokuja? Na kwa nini wengine walishika matibabu yao hadi mwisho huku wengine, wa kijiji kile kile na umri ule ule, wakiyaacha njiani? Jibu langu ni kwamba mambo mawili yaliamua zaidi ya virusi vyenyewe. La kwanza ni namna huduma ya ugonjwa husika ilivyokuwa imepangwa kabla ya Machi 2020. La pili ni pesa ya nyumba ya mgonjwa, inatoka wapi na inaingia kila baada ya muda gani. Meru na Embu zinaonyesha mambo haya waziwazi kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa milima na mabonde yake yamegawa watu kwa mazao, na mazao yamewagawa kwa mapato.

Sensa ya 2019 iliipa Meru watu 1,545,714 na Embu 608,599. Katikati imelala Tharaka-Nithi, na barabara kuu inazifunga zote tatu: Meru mjini, Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, Embu, kisha Thika hadi Nairobi. Huduma za afya nazo zimefuata barabara hiyo. Juu kabisa kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru na ile ya Embu Level 5, iliyokuwa hospitali kuu ya mkoa Embu ilipokuwa makao ya Mkoa wa Mashariki. Kando yake zimesimama hospitali za misheni ambazo watu wa huku wamezitegemea kwa vizazi: Methodist ya Maua kule Igembe, Consolata ya Nkubu, ya Kyeni upande wa Embu, na PCEA Chogoria iliyoanzishwa mwaka 1922. Chini yake ni vituo vya afya na zahanati. Lakini kwa mgonjwa wa Mutuati, juu ya Nyambene, au wa Kiritiri na Ishiara katika ukavu wa Mbeere, hospitali inayotibu ugonjwa wake sugu iko mbali, na siku ya kliniki ni safari. Anaamka alfajiri, anapanda bodaboda hadi barabarani, matatu hadi mjini, anapanga foleni, anapimwa, anaandikiwa dawa, kisha mara nyingi anaambiwa dawa hiyo haipo, akanunue kwenye kemisti nje ya lango. Kibarua cha siku hiyo kimepotea. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya kawaida kabla ya korona.

Masharti yalipokuja, yaliigonga safari hiyo kila hatua. Kuanzia Machi 20, matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba wanane tu, na wenye magari wakafidia hasara yao kwenye nauli. Sharti hilo la kupunguza abiria lilidumu hadi Agosti 2021. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wengi husahau maana ya saa hizo kwa mtu wa mbali. Mgonjwa wa Mutuati hakuweza kuondoka gizani ili awahi foleni, na alilazimika kuiacha foleni mapema ili asikutwe njiani. Siku ya kliniki ilifupishwa pande zote mbili wakati nauli imepanda. Aliyekuwa akienda kila mwezi akaanza kwenda mwezi mmoja na kuruka mwingine, na aliyezoea vidonge viwili kwa siku akaanza kumeza kimoja ili vifike mwisho wa mwezi.

Aprili 6 Nairobi ikafungwa. Kwa upande wa kaskazini mpaka wa eneo lililofungwa uliwekwa kwenye daraja la mto Chania, Thika, juu ya barabara hiyo hiyo inayotoka Meru na Embu. Malori ya chakula yalipita. Watu hawakupita hadi mwanzoni mwa Julai. Tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani wa Meru na Embu ilikuwa Nairobi, kwa wengi wao katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Mionzi hutolewa karibu kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, na mgonjwa wa kutoka mlimani hukaa kwa ndugu katika mitaa kama Umoja au Githurai muda wote huo. Amri ya kufunga iliacha mlango kwa dharura za matibabu, lakini mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe, ameshika kadi ya kliniki, si rahisi kuonekana dharura machoni pa askari wa kizuizini. Na hata akipita, ndugu wa Umoja alikuwa na hofu zake za kumpokea mgeni. Meru ni eneo ambalo saratani ya umio, ile ya koo la chakula, imekuwa mzigo mzito kwa miaka mingi. Ugonjwa huo haungoji. Mtu anayemeza uji kwa shida mwezi wa Aprili, mwezi wa Julai hamezi hata maji. Tarehe 26 Machi 2021 serikali ilifunga tena Nairobi na kaunti nyingine nne hadi Mei 1, na Meru na Embu zikajikuta ng'ambo ya kizuizi kwa mara ya pili.

Hofu nayo ilifunga milango ambayo hakuna askari aliyeifunga. Wiki za kwanza, aliyeshukiwa kuwa na korona alipelekwa karantini kwa nguvu na kutakiwa ajilipie gharama. Serikali iliondoa malipo hayo baadaye, lakini habari ilikwisha kusambaa vijijini: ukikohoa mbele ya daktari hurudi nyumbani. Idadi ya wagonjwa wa nje ilishuka kote nchini. Aliyeumia zaidi na hofu hiyo, kwa maoni yangu, ni mwenye kifua kikuu, kwa sababu dalili yake kuu ni ile ile iliyokuwa imegeuka kuwa aibu. Kenya iliandikisha takriban wagonjwa 86,000 wa kifua kikuu mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuwa takriban 73,000. Ugonjwa haukupungua kwa kiasi hicho ndani ya mwaka mmoja. Waliopungua ni waliojitokeza. Meru ni miongoni mwa kaunti zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na mgonjwa asiyetibiwa huambukiza nyumba nzima, hasa nyumba ambayo watoto wamerudishwa kutoka shuleni na kila mtu analala chumba kimoja.

Tukifika hapa, mtu anaweza kudhani kila mgonjwa sugu aliachwa. Haikuwa hivyo, na hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha swali zima. Walikuwapo wagonjwa ambao janga liliwakuta wamejiandaa bila wao kujua: watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuwa umekubali kwamba mgonjwa aliyetulia, anayemeza dawa zake vizuri na ambaye virusi vyake vimedhibitiwa, hana haja ya kuonana na daktari kila mwezi. Apewe dawa za miezi mitatu. Anayeishi mbali aweze kuchukuliwa dawa na mwenzake wa kikundi. Kliniki zilikuwa na washauri wenza, watu wanaoishi na virusi wenyewe, wenye namba za simu za wagonjwa na desturi ya kumtafuta anayekosa siku yake. Korona ilipoingia, wizara haikulazimika kubuni kitu. Ilisukuma tu mpango uliokuwapo: wagonjwa wengi zaidi wakapewa miezi mitatu, simu zikapigwa, wengine wakakutana na mhudumu karibu na kwao. Mgonjwa wa Maua aliyebeba chupa zake za Machi hakuwa na sababu ya kusimama kwenye foleni hadi Juni, wakati masharti ya kafyu yalipoanza kulegezwa.

Sasa mtazame jirani yake mwenye presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa maishani. Kwa idadi, huyu ni mgonjwa wa kawaida zaidi kuliko yule wa Ukimwi. Dawa zake ni za bei nafuu na za zamani. Hakuna siri yoyote katika kuzitengeneza. Lakini hakuwa na mshauri mwenza, hakuwa na kikundi, hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu. Alipewa dawa za mwezi mmoja, au aliandikiwa akanunue mwenyewe. Alipokosa siku yake hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna daftari lililofunguliwa kuuliza yuko wapi. Akiacha vidonge hasikii maumivu yoyote kwa wiki nyingi. Siku anayosikia, ni kiharusi.

Wote wawili wanaishi mlima mmoja, wanamwona daktari yule yule, na wanameza vidonge maisha yao yote. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja alipangiwa huduma na mwingine aliachiwa ajipangie. Mpango wa Ukimwi ulijengwa kwa fedha nyingi za kigeni, hasa za Marekani tangu 2003, na kwa kelele za wagonjwa wenyewe waliokataa kufa kimya. Mwenye presha hana chama kinachoandamana. Sisemi mgonjwa wa Ukimwi alipewa kupita kiasi. Nasema janga lilituonyesha kwamba tulikuwa tunajua namna ya kumtunza mgonjwa sugu bila kumchosha, tukaamua kumfanyia mmoja.

Hata mnyororo huo wa Ukimwi ulikuwa na pete dhaifu. Mapema mwaka 2021 shehena ya dawa za Ukimwi, ARV, iliyotolewa na Marekani ilikwama bandarini Mombasa kwa miezi, kwa mvutano wa ushuru na wa nani azisambaze, baada ya kashfa ya ununuzi katika shirika la ugavi wa dawa, KEMSA. Kliniki zikaanza kugawa kidogo kidogo: mwezi mmoja, wakati mwingine pungufu ya hapo. Mgonjwa aliyezoea kuja mara nne kwa mwaka akaambiwa arudi baada ya wiki chache, katika matatu ya nauli ya juu.

Wa figo walikuwa na dunia yao. Mashine za kusafisha damu zilifika hospitali za kaunti kupitia mpango wa serikali wa kukodi vifaa ulioanza 2015, na Meru na Embu zilipata. Bima ya NHIF ililipa vipindi viwili kwa wiki, shilingi 9,500 kila kimoja. Huyu hawezi kuruka. Akikosa wiki moja, maji yanajaa mapafuni. Kwake miezi mitatu ya dawa haina maana. Anachohitaji ni nauli mara mbili kila wiki, na siku zenye saa za kutosha kwenda, kukaa saa nne kwenye mashine, na kurudi kabla ya kafyu akiwa amechoka. Familia nyingi za namna hii hazikuuliza kama mgonjwa ana maisha mazuri. Ziliuliza tu kama nauli ya Alhamisi imepatikana.

Nauli hiyo ilitoka wapi? Kwenye miteremko ya juu, kuanzia Manyatta na Runyenjes hadi Imenti Kusini, kuna chai na kahawa. Chai iliendelea kuchumwa na viwanda havikufungwa. Mnada wa Mombasa ulihamia kwenye mtandao mwaka 2020, na mkulima wa shirika la chai la KTDA aliendelea kupata malipo yake ya mwezi na bonasi ya mwaka. Si pesa nyingi, na wakulima wa chai wana malalamiko ya haki, lakini ina tarehe inayojulikana. Mtu anaweza kumwambia mwenye kemisti, "Nipe, nitalipa chai ikilipa," naye akakubali.

Igembe na Tigania ni nchi ya miraa. Mwaka 2014 Uingereza ilipiga marufuku zao hilo, na Somalia ikabaki soko kubwa la nje. Machi 2020 Somalia ilifunga anga yake na kusitisha uingizaji wa miraa. Magari yaliyokuwa yakikimbia kila siku kwenda uwanja wa ndege wa Wilson yakapoteza safari. Soko hilo halikufunguliwa tena hadi Julai 2022, miezi mingi baada ya Kenya kuondoa kafyu. Pesa ya miraa ni ya siku: mwenye shamba, kijana anayechuma, mama anayepanga na kufunga kwa majani ya migomba, kila mmoja analipwa jioni. Bei ilipoanguka hakukuwa na akiba wala tarehe ya kungojea. Kule Mbeere muguka, aina ya miraa ambayo huuzwa hasa humu humu nchini, ulisumbuliwa na masharti ya mikusanyiko na kufungwa mapema kwa vibanda. Hospitali ya Maua inahudumia hasa nchi ya miraa. Kwa hiyo ugonjwa na pesa vilianguka mahali pamoja, wakati mmoja, na mtu wa Laare, kule Igembe, alikuwa anapigana na masharti ya Kenya na ya Somalia kwa pamoja. Nzige waliopita Meru mwanzoni mwa mwaka ule walikuwa wameshakula sehemu yao.

NHIF kwa mtu asiye na ajira rasmi ilikuwa shilingi 500 kwa mwezi, na anayechelewa alitozwa faini na kungoja kabla ya kadi kufanya kazi tena. Kwa mlipaji wa pesa za siku, kadi ilikufa miezi ile ile aliyoihitaji zaidi.

Bima ya kweli ya watu wengi wa Meru na Embu, hata hivyo, haikuwa NHIF. Ilikuwa harambee. Bili ya hospitali ikizidi nguvu, familia huita watu, kanisa hutangaza Jumapili, wazee hukaa mezani na daftari. Makanisa yalipofungwa mwishoni mwa Machi 2020 na mikusanyiko ikakatazwa, bima hiyo ilisimama. Ikahamia kwenye simu. Safaricom ilikuwa imeondoa ada ya M-Pesa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 kuanzia Machi 17, na makundi ya WhatsApp ya ukoo yakawa ndiyo uwanja wa harambee. Kwa wenye watoto mjini ilisaidia sana. Lakini mchango wa simu huja kwa anayejulikana na wenye simu. Bibi mjane wa kijijini, ambaye kanisani angepata sahani nzima kwa sababu kila mtu anamwona amekaa kwenye benchi lake, kwenye simu hakuonekana. Na makanisa yalipofunguliwa Julai, waliozidi miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Kwa watu ambao wazee wao, Njuri Ncheke kwa mfano, ndio waamuzi wa mambo ya jamii, kumweka mzee kando kwa jina la kumlinda kulikuwa jeraha ambalo hakuna aliyelifunga. Alikaa nyumbani na presha yake, bila ibada, bila kikao, bila wajukuu kumkaribia, na mazishi ya rika lake akiyasikia redioni.

Hospitalini pia jamaa walizuiwa. Wodi zetu zimejengwa juu ya jamaa: ndiye anayeleta uji, anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayekwenda kununua sindano. Kumzuia kulikuwa na sababu za kitabibu ambazo sizipingi. Ila muuguzi mmoja wa zamu alibaki na kazi ya watu kumi, na mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kushika kijiko alibaki akimtazama.

Desemba 2020 wauguzi na matabibu wakagoma nchini kuanzia tarehe 7, na madaktari wakafuata tarehe 21. Walidai vifaa vya kujikinga, bima na malipo. Siku ile ile ya 7 alifariki kwa korona daktari kijana wa miaka 28, Stephen Mogusu, aliyekuwa hajalipwa mshahara kwa miezi. Madaktari walirudi kazini kabla ya Krismasi. Mgomo wa wauguzi uliendelea hadi mwaka mpya. Serikali kuu ilikuwa imezitaka kaunti ziwe na vitanda 300 vya kutengea wagonjwa wa korona kila moja kufikia Julai, na nguvu nyingi zilikwenda kwenye vitanda hivyo. Kitanda hakimpimi mtu presha. Migomo ilipofunga vituo vya umma, aliyeweza alikwenda misheni na kulipa; asiyeweza alirudi nyumbani.

Usiku ulikuwa wa akina mama. Mpango wa serikali wa Linda Mama ulilipia kujifungua hospitalini, lakini haukulipia gari la saa nane usiku, na uchungu hausomi saa ya kafyu. Mwanabodaboda aliogopa kutoka, na alikuwa na sababu. Anayedhani hofu hiyo ilikuwa ya kupita kiasi akumbuke Kianjokoma, Embu. Usiku wa Agosti 1, 2021, ndugu wawili, wanafunzi wa chuo, walikamatwa na polisi kwa kosa la kuwa nje baada ya saa nne usiku, saa ya kafyu wakati huo. Siku mbili baadaye wazazi wao waliikuta miili katika mochari ya Embu Level 5. Polisi walisema waliruka kutoka kwenye gari likiwa mbioni. Mamlaka ya usimamizi wa polisi, IPOA, ikachunguza, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji. Maandamano ya wenyeji nayo yakamwaga damu. Kafyu iliwekwa kwa jina la afya. Rais Uhuru Kenyatta aliiondoa Oktoba 20, 2021, akihutubia taifa Wang'uru, Kirinyaga, mwendo mfupi tu kutoka Embu. Kwa familia ile ya Kianjokoma na kwa mlima mzima, ubora wa maisha katika janga haukupimwa kwa barakoa na chanjo peke yake. Ulipimwa pia kwa kama mtu anaweza kumwita mwenzake usiku amsaidie, naye akatoka bila kuogopa kuuawa.

Katikati ya haya kulikuwa na watu ambao hawakuwa na mshahara wala mavazi ya kujikinga, nao wakatembea: wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijijini. Mlima huu unawafahamu kwa muda mrefu. Miaka ya 1970 na 1980 Hospitali ya Chogoria ilipeleka uzazi wa mpango na huduma za watoto mlangoni kwa watu kupitia zahanati ndogo na wahudumu wa kijiji, na eneo lake likajulikana duniani kwa kushuka kwa uzazi haraka kuliko sehemu nyingine za Kenya. Wazo la kwamba afya hukaa nyumbani na hospitali ndiyo inayosafiri, si geni hapa wala halikuletwa na korona. Liliachwa likafifia, likabaki mikononi mwa wanawake wa kujitolea waliopewa fulana na ahadi.

Tangu janga hilo mengi yamebadilika katika sheria. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wenye posho na begi la vifaa, ndani yake mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Oktoba mwaka huo akasaini sheria nne za afya, na Oktoba 2024 bima mpya ya SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Begi hilo nalihesabu kuwa hatua kubwa kuliko zote, kwa sababu ni mara ya kwanza presha ya mtu wa Mutuati inapimwa nyumbani kwake kwa utaratibu wa serikali. Lakini begi linapima tu. Akikutwa na presha ya 180, anaandikiwa aende kituoni, na hadithi ya nauli inaanza upya. SHA nayo inamtaka asiye na ajira rasmi alipe asilimia 2.75 ya mapato yake, na kwa utaratibu wake wa kwanza alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nani alilifikiria hilo kwa ajili ya mchuma miraa anayelipwa jioni?

Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya kigeni. Wahudumu wengi wa kliniki za Ukimwi, waliolipwa na misaada hiyo, wakarudishwa nyumbani, wakiwamo wale washauri wenza waliokuwa wakipiga simu. Wizara ya Afya ikaagiza kliniki hizo ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kwa hiyo wale majirani wawili wa Maua, mwenye virusi na mwenye presha, sasa wanaelekezwa kwenye foleni moja. Kuunganisha si jambo baya. Lakini kunaweza kwenda pande mbili: mwenye presha akapewa dawa za miezi mitatu, daftari lenye namba yake ya simu na mtu wa kumtafuta akipotea, au mwenye virusi akarudishwa kwenye mwezi mmoja, foleni ndefu na kemisti ya nje ya lango. Ni kipi kitatokea kitaamuliwa katika mabunge ya kaunti za Meru na Embu, bajeti inapopitishwa kila Juni, kwenye mstari mmoja wa dawa za magonjwa sugu ambao kwa kawaida hakuna anayesimama kuusemea.